KUUMUDU MPIRA WA KIKAPU: MAZOEZI YENYE KIPIMO

Katika michezo inayochezwa shuleni petu, mpira wa kikapu ni mmoja wa ile inayomdai mchezaji mikono yenye akili. Wapo wanafunzi warefu, wenye nguvu na wepesi wa mbio, lakini wakipewa mpira hunyang'anywa mara moja, kama mtoto aliyetumwa dukani akachezea sarafu njiani. Wapo na wengine, wafupi, wasiotazamwa na mtu, ambao mpira ukiwafikia hutulia kana kwamba umefika nyumbani. Tofauti ya hawa wawili si bahati wala si damu. Ni mazoezi. Wala si mazoezi ya namna yoyote, bali ni yale yanayopimwa na kuandikwa.

Makala haya yana shabaha tatu. Kwanza, kueleza maana ya kuumudu mpira. Pili, kuonyesha njia ya kupima ustadi huo kwa vyombo tulivyo navyo. Tatu, kutoa mpango wa majuma sita ambao mwanafunzi yeyote, wa kiume au wa kike, aweza kuufuata bila kuharibu masomo yake. Wazazi nao wanaombwa wasome, maana yamo yanayowahusu.

1. Asili ya kudundisha mpira

Mchezo huu ulianzishwa mwezi wa Desemba 1891 na James Naismith, mzaliwa wa Kanada, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, katika Marekani. Ilikuwa majira ya baridi, na wanafunzi wake walihitaji mchezo wa ndani ya nyumba. Alitundika vikapu viwili vya kuwekea matunda kwenye ukingo wa roshani, kama futi 10 juu, akawagawa wanafunzi wake 18 wakawa timu mbili za watu tisa tisa, nao wakacheza kwa mpira wa kandanda. Kimo kile hakikubadilika: hata leo mdomo wa kikapu uko mita 3.05 kutoka ardhini.

Naismith aliandika sheria 13, wala hakuna hata moja iliyomwambia mchezaji adundishe mpira. Sheria ilisema tu kwamba mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira. Sharti autupe kutoka pale alipoudakia. Basi mchezaji aliyebanwa na adui kila upande angefanyaje? Akaona kwamba akiuachia mpira uanguke, kisha akaudaka tena mahali pengine, hakukimbia nao. Hivyo kudundisha kulizaliwa kwa shida, kama maarifa mengi ya binadamu. Tangu hapo sheria zimeongezwa mara nyingi ili kukuwekea mipaka: usidundishe kwa mikono miwili kwa pamoja, usiushike ukaanza kudundisha tena, wala usiweke kiganja chini ya mpira ukaubeba.

2. Kwa nini ustadi huu ni wa lazima

Tazama hesabu ya uwanja. Uwanja wa FIBA, yaani Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Timu ikipata mpira upande wake wa nyuma ina sekunde 8 tu za kuuvusha mstari wa kati, na sekunde 24 za kuutupa kikapuni. Mchezaji aliyeushika mpira na kubanwa karibu na adui hupewa sekunde 5 tu za kutoa pasi, kutupa au kudundisha. Basi ni dhahiri kwamba timu isiyo na mtu wa kuupeleka mpira mbele salama haitafika kikapuni, hata ikiwa na warefu watano.

Hapa ndipo panapotokea dhuluma ndogo katika shule nyingi. Siku ya kuchagua timu, macho ya watu huwatafuta warefu. Urefu ni neema, hatuwezi kukana. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi ya NBA ya Marekani mwaka 2009, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Lakini katika ligi hiyohiyo alicheza Muggsy Bogues, mwenye kimo cha mita 1.60 tu, na alidumu humo zaidi ya miaka kumi kwa sababu ilikuwa taabu kubwa kumnyang'anya mpira. Naye Stephen Curry, mwenye mita 1.88, ambaye vyuo vikuu vyenye timu kubwa havikumtaka alipomaliza shule, alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na tena mwaka 2016.

Kimo hupewa na Mungu na wazazi, hakiongezwi kwa bidii. Mikono huongezwa. Basi shule inayochagua kwa kimo peke yake inawaambia wanafunzi wake wengi kwamba mlango umefungwa kabla hawajaubisha. Kipimo cha haki, kilichoandikwa daftarini, huufungua mlango huo.

3. Mikono inavyotakiwa kufanya

Kabla ya kupima hatuna budi kujua kitu gani ni kizuri. Mambo yenyewe ni haya:

(a) Mpira husukumwa kwa vidole na kifundo cha mkono, haupigwi kwa kiganja. Ukisikia sauti ya "pa! pa!" kama mtu apigaye kofi, basi kiganja kimeingia. Vidole hutawanyika na kuufuata mpira ukipanda, kisha huusukuma chini tena.

(b) Magoti yapinde kidogo, mgongo usiiname kama wa mtu anayetafuta sindano.

(c) Penye adui, mpira usipite goti. Penye nafasi ya kukimbia, waweza kufika kiunoni. Kadiri mpira unavyopanda juu, ndivyo unavyokaa muda mrefu nje ya mkono wako, na muda huo ni mali ya adui.

(d) Mwili wako na mkono ulio mtupu uwe kati ya adui na mpira.

(e) Macho yatazame mbele. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mchezaji anayeutazama mpira hawaoni wenzake, na asiyewaona wenzake hawezi kuwapa pasi.

(f) Mikono yote miwili ijue kazi. Nyumbani mtoto hufundishwa kutopokea kitu wala kusalimu kwa mkono wa kushoto, na adabu hiyo ni njema, tuishike. Lakini uwanjani mkono wa kushoto si wa aibu. Mchezaji wa mkono mmoja ni kama nyumba yenye mlango mmoja: adui akisimama mlangoni, umekwisha.

4. Mali bila daftari

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Ustadi nao ni mali. Mwanafunzi aliyefanya mazoezi mwezi mzima akiulizwa, "Je, umeendelea?" hujibu, "Naona nimeendelea." Lakini kuona kwake hakuaminiki, maana siku aliyocheza vizuri huikumbuka, na siku aliyonyang'anywa mpira mara tisa huisahau. Mwalimu pia hudanganyika: humkumbuka aliyefunga bao la mwisho, akamsahau aliyeuleta mpira hadi pale.

Kupima kwa saa na hesabu kulianza zamani katika ualimu wa michezo. Mwaka 1984 chama cha Marekani cha walimu wa afya na mazoezi ya viungo kilichapisha majaribio ya mpira wa kikapu kwa ajili ya shule, na mojawapo lilikuwa la kupitisha mpira kati ya vizuizi sita kwa kupimwa na saa. Majaribio yanayofuata hapa ni mepesi zaidi. Yanahitaji mpira, chaki, kamba ya kupimia, mawe au makopo sita, ukuta, na saa ya sekunde. Saa iliyo katika simu ya mwalimu yatosha.

Jaribio la kwanza: Dundo la sekunde 30. Simama mahali pamoja. Dundisha kwa mkono wa kulia, mpira usipite goti, mwenzako akihesabu. Pumzika dakika moja, kisha fanya kwa mkono wa kushoto. Dundo lililopita goti halihesabiwi. Mpira ukikuponyoka, ukimbilie na uendelee, saa haisimami.

Jaribio la pili: Njia ya makopo. Panga makopo sita katika mstari, nafasi ya mita 2 kati ya moja na jingine. Anza mita 2 kabla ya kopo la kwanza, uyapite kwa kupinda kushoto na kulia, zunguka la mwisho, urudi hivyohivyo mpaka ulipoanzia. Fanya mara moja kwa mkono wa kulia tu, na mara moja kwa wa kushoto tu. Kila kosa, yaani kugusa kopo, kuruka kopo, kubeba mpira au kutumia mkono usiotakiwa, huongeza sekunde 1.

Jaribio la tatu: Macho juu. Dundisha huku mwenzako, aliye mita 3 mbele yako, akionyesha vidole mara 10 katika sekunde 30. Taja hesabu ya vidole kila mara. Alama ni majibu uliyopata sawasawa, lakini jibu ulilotoa mpira ukiwa umekuponyoka halihesabiwi.

Jaribio la nne: Ukuta. Simama mita 2.5 kutoka ukutani. Toa pasi ya kifuani, udake, utoe tena, kwa sekunde 30. Hesabu pasi zilizodakwa bila kuanguka. Maana kuumudu mpira si kudundisha tu. Ni kuupokea na kuutoa pia.

5. Kupima kwa haki

Kipimo kibaya ni kibaya kuliko kukosa kipimo, kwa kuwa hudanganya kwa jina la hesabu. Basi shikeni kanuni hizi.

Tumieni mpira uleule. Mpira namba 7, wa wanaume, una mzingo wa karibu sentimita 76 na uzito wa karibu gramu 600. Namba 6, wa wanawake, una mzingo wa karibu sentimita 72 na ni mwepesi zaidi. Msimpime msichana kwa namba 7 wiki hii na namba 6 wiki ijayo, kisha mkasema ameendelea.

Kagueni upepo wa mpira. Uachieni bila kuusukuma kutoka mita 1.80, mkipima kutoka tumbo la chini la mpira. Mpira mzima hurudi juu karibu na mita 1 na kidogo, mkipima tumbo lilelile. Ukiishia chini sana, utieni upepo kabla ya kupima watu. Jaribio lifanyike mahali palepale: sakafu ya saruji na uwanja wa udongo havirudishi mpira sawa.

Kila mtu afanye mara tatu. Ya kwanza ni ya kujizoeza, haiandikwi. Mbili zinazofuata huandikwa, na wastani wake ndio alama yake. Mchezaji asijihesabie mwenyewe, wala rafiki yake mpenzi asimhesabie peke yake. Wahesabu wawe wawili, na wakitofautiana, rudieni.

6. Kusoma daftari

Tuchukue mfano wa kubuni, ili hesabu ieleweke. Mchezaji A katika njia ya makopo alipata hivi:

Juma la kwanza, mkono wa kulia: sekunde 14.2 na 13.8, wastani 14.0.
Juma la kwanza, mkono wa kushoto: sekunde 19.2 na 18.8, wastani 19.0.
Juma la sita, mkono wa kulia: sekunde 13.6 na 13.2, wastani 13.4.
Juma la sita, mkono wa kushoto: sekunde 16.3 na 15.9, wastani 16.1.

Daftari hili linasema nini? Mkono wa kulia umepunguza sekunde 0.6, yaani kama asilimia 4. Mkono wa kushoto umepunguza sekunde 2.9, yaani kama asilimia 15. Tofauti kati ya mikono miwili ilikuwa sekunde 5.0, sasa ni 2.7. Hapo twaona kwamba aliyekuwa na mlango mmoja anaanza kupata wa pili. Twaona pia kwamba mkono ulio dhaifu ndio wenye nafasi kubwa ya kukua, na anayeukimbia anakimbia faida yake.

Angalia tena: katika siku moja, majaribio mawili ya mkono uleule yalitofautiana sekunde 0.4. Basi mtu akipunguza sekunde 0.2 kutoka juma moja hadi jingine, asipige vigelegele bado, maana tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile ya siku moja. Angoje. Kadhalika akipotea sekunde 0.2, asikate tamaa.

Mchezaji B, wa kubuni pia, alikimbia kwa sekunde 12.8, mbio za kusifiwa, lakini akafanya makosa matatu: jumla 15.8. Baada ya majuma mawili alikimbia kwa 14.1 bila kosa: jumla 14.1. Miguu yake imekuwa polepole, na mchezo wake umekuwa bora. Ndiyo maana ya "Haraka haraka haina baraka," ikiandikwa kwa tarakimu.

7. Mpango wa majuma sita

Mpango ni dakika 20 kwa siku, siku nne kwa juma. Kwa majuma sita ni vipindi 24, yaani saa 8 tu kwa jumla. Kwa nini kugawanya hivyo? Kwa sababu mikono hujifunza vizuri zaidi kidogokidogo na mara kwa mara kuliko kwa siku moja ya kuchoka. Haba na haba hujaza kibaba.

Juma la 1: Pimeni majaribio yote manne. Siku zilizobaki, jifunzeni vidole: zungusha mpira kiunoni, magotini na kichwani, uchore namba nane kati ya miguu, dundisha ukiwa umepiga goti moja. Anza kila zoezi kwa mkono dhaifu, kabla hujachoka.

Juma la 2: Kudundisha ukitembea, kisha ukikimbia polepole, kwenda kwa kulia na kurudi kwa kushoto. Mwenzako asimame mbele akionyesha vidole.

Juma la 3: Kubadili mkono: mbele ya mwili, katikati ya miguu, na nyuma ya mgongo. Pimeni tena mwisho wa juma.

Juma la 4: Mipira miwili kwa pamoja, mmoja kila mkono; kwanza idunde pamoja, halafu kwa kupokezana. Curry amejulikana kwa mazoezi ya namna hii, na pia kwa kudundisha mkono mmoja huku mwingine ukirusha na kudaka mpira wa tenisi. Wala wazo hili si geni: Pete Maravich, aliyezaliwa mwaka 1947, alifundishwa na baba yake kuuchezea mpira kwa kila namna tangu udogoni, naye alipokuwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana alifunga wastani wa pointi 44.2 kwa mchezo katika misimu mitatu.

Juma la 5: Leteni adui. Mmoja adundishe, mwingine ajaribu kumnyang'anya, katika njia ya upana wa mita 3. Kisha wawili kwa mmoja.

Juma la 6: Changanyeni yote, mcheze watatu kwa watatu, kisha mpime mara ya mwisho.

Kanuni ya kupanda ngazi ni hii: zoezi likifanikiwa mara 8 katika 10, liongezwe ugumu, likifanikiwa chini ya mara 5, lipunguzwe. Na kuanzia juma la 3 msifanye zoezi moja mfululizo mpaka mchoke, bali yachanganyeni. Wataalamu wawili, Shea na Morgan, walionyesha mwaka 1979 kwamba watu waliojifunza kazi za mikono kwa kuzichanganya walionekana wabaya wakati wa mazoezi, lakini walipopimwa baadaye walikuwa wamekumbuka zaidi kuliko wale waliofanya moja moja. Basi mwanafunzi asihuzunike akiona anakosea zaidi katika juma la 3.

Kadhalika Fitts na Posner, katika kitabu chao cha mwaka 1967, walieleza kwamba ustadi hupita daraja tatu. Katika ya kwanza mtu hufikiri kila tendo. Katika ya pili makosa hupungua. Katika ya tatu tendo hufanyika lenyewe na akili hubaki huru. Jaribio la Macho juu hutuonyesha mchezaji yuko daraja gani. Anayeweza kutaja vidole vyote 10 bila mpira kumponyoka, akili yake imeachiliwa ikatazame mchezo.

8. Mipira michache, watu wengi

Hapa wengi watasema, "Mambo haya ni ya shule zenye mali." Tufanye hesabu. Tuseme wachezaji ni 24 na mipira ni 4. Katika dakika 20 kuna dakika 80 za mpira. Gawanya kwa 24: kila mtu anapata dakika 3 na sekunde 20. Kwa vipindi 24 ni dakika 80. Si nyingi, lakini ni nyingi kuliko zile apatazo yule asiyewahi kuguswa na mpira kwa kuwa si mrefu.

Sasa ongezeni mipira minne mikuukuu: ya netiboli, ya kandanda, hata ile ya kikapu iliyochubuka ngozi, ili mradi inadunda. Dakika za mpira zinakuwa 160, na fungu la kila mtu ni dakika 6 na sekunde 40, yaani mara mbili. Kwa kujifunza vidole, mpira mkuukuu unatosha. Ule mzuri uwekwe kwa majaribio na mashindano. Wale wanaongoja zamu wasikae chini. Mmoja ahesabu, mmoja ashike saa, mmoja awe adui, wengine wafanye miguu ya kujihami bila mpira.

Jambo moja hatuna budi kulisema wazi. Iko desturi ya kuifungia mipira stoo kwa kuogopa isichakae, ikatolewa siku ya mashindano tu. Mpira uliofungiwa hauchakai, ni kweli, lakini haumfundishi mtu. Ni afadhali mipira ichakae mikononi mwa wanafunzi kuliko iozee rafuni. Kinachotakiwa ni daftari la kuitoa na kuirudisha, lenye jina na saa, na kiranja wa kuliangalia.

Wasichana wasiachwe nyuma. Wanawake wamecheza mpira wa kikapu katika Olimpiki tangu Montreal mwaka 1976. Msichana aliyezoea netiboli huja na hazina ya kudaka na kupasi, maana mchezo ule haumruhusu kutembea na mpira kwa kuudundisha. Kinachompungukia ni dundo tu, na daftari litaonyesha kwamba katika jaribio la Ukuta aweza kuwazidi kaka zake tangu siku ya kwanza.

9. Kipimo si mchezo

Tusiabudu hesabu. Makopo hayanyang'anyi mpira. Yupo atakayepita njia ya makopo kama upepo, akikutana na adui akauacha. Kwa hiyo daftari liwe na ukurasa wa michezo pia: katika kila mchezo mtu mmoja aliye nje aandike mara ambazo kila mchezaji amepoteza mpira, na pasi zake zilizoleta mabao. Majaribio yakipanda na mpira ukaendelea kupotea, basi zoezi linalokosekana ni lile la adui, si la makopo.

Wala alama zisibandikwe ukutani ili wa mwisho achekwe. Kila mmoja ashindane na juma lake lililopita. Mwalimu wa michezo achukue daftari siku ya kuchagua timu, alitazame pamoja na kimo, moyo na tabia ya mchezaji, kisha aamue. Mwanafunzi atakayeachwa ataweza kuonyeshwa ni wapi alipopungukiwa na kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo heshima anayostahili.

10. Neno kwa wazazi

Wazazi wetu wapendwa, hatusemi kwamba mpira wa kikapu utampatia mtoto daraja la kwanza katika mtihani. Tunaomba dakika 20 tu, mara nne kwa juma. Mtoto akiwasili nyumbani wakati wa likizo na kuomba kudundisha mpira uani, mwulizeni jambo moja: "Daftari lako liko wapi?" Akilitoa, na tarehe zimo, na makosa yake ameyaandika kwa mkono wake bila kuficha, basi jueni kwamba amejifunza jambo litakalomfaa hata katika shamba, duka au ofisi.

Nanyi wanafunzi, msingoje mpira mpya wala uwanja wa saruji. Tafuteni makopo sita, chaki na mwenzenu mwaminifu wa kuhesabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mchezaji wa kwanza aliyebanwa na adui aliona faida ya kuuachia mpira udunde?
2. Mchezaji C alipita njia ya makopo kwa sekunde 17.5 akiwa na kosa moja, kisha kwa sekunde 16.9 bila kosa. Wastani wake ni ngapi?
3. Wachezaji 18 wana mipira 3 na dakika 30. Kila mmoja atapata dakika ngapi za mpira? Wakiongeza mipira mikuukuu 3, je?
4. Mchezaji D amepunguza sekunde 0.3 katika juma moja, lakini majaribio yake ya siku moja hutofautiana kwa sekunde 0.6. Je, yafaa tuseme ameendelea? Toa sababu.
5. Taja mambo mawili ambayo majaribio manne hayawezi kuyapima, ila mchezo wenyewe.